Mwaka Niliomwagilia Kompyuta

Walisema sitaweza. Fundi Chilumba wa Mkomaindo, aliyekuwa akitengeneza redio pale Masasi tangu mimi sijajua kusoma, alitamka mbele ya wateja wake wote: "Kilichofungwa kiwandani hakifunguliwi Newala." Mama Anna, aliyekuwa akiuza chapati mbele ya duka langu, alisema nitachoma nyumba ya watu. Mwenye nyumba yenyewe, Mama Hadija, siku ileile alihamisha magunia yake ya mahindi kutoka chumba kilichopakana na changu, akayapeleka upande wa pili wa ua. Leo nina duka la vyumba vitatu Masasi, stashahada yangu iko ukutani kwenye fremu ya kioo, na hakuna kompyuta iliyokufa kuanzia Lisekese hadi Newala ambayo haijapita mikononi mwangu au mikononi mwa mtu niliyemfundisha mimi. Sisemi hivyo kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo.

Mwezi uliopita nilipanda Newala kwenye harusi ya Shaibu, mjukuu wa Mama Hadija, na nikakalishwa mkeka mmoja na Fundi Chilumba. Sasa anatembelea fimbo na sikio moja halisikii, lakini ulimi uko palepale. Sinia la pilau lilipotua katikati yetu, akanyoosha kidole chenye mafuta akawaambia vijana waliotuzunguka, "Mnamuona huyu mheshimiwa mwenye kanzu ya pasi? Huyu alikuwa anamwagilia kompyuta kama mchicha." Wakacheka mpaka wali ukawapalia. Nikacheka kuwashinda. Kisha kijana mmoja akaniuliza kama ni kweli, na nilipoanza kumweleza nikaona siwezi kuumaliza mwaka ule kabla sinia halijaisha. Ndiyo maana ninauandika.

Nilirudi kutoka Dar es Salaam mwezi wa tatu, nina stashahada, kamera moja ya mkanda, na kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe kwa vipande vya mashine nne tofauti. Wenzangu niliosoma nao walibaki kutafuta ofisi zenye viyoyozi. Mimi nilipanga chumba kimoja cha mbele kwa Mama Hadija, karibu na soko la Newala, nikaandika juu ya mlango: Picha, Video, Kompyuta. Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama kusini, ambako ardhi inakatika na unaona bonde la Ruvuma limelala chini, bluu na mbali. Bati halikuwa na dari, kwa hiyo kuanzia saa tano asubuhi lilianza kulia kwa joto, tik, tik, na vumbi jekundu liliingia hata ukifunga. Nilikula kwa Mama Hadija: ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, na kunde. Kupitia uwazi kati ya ukuta na bati nilisikia kila kilichosemwa uani. Ndivyo nilivyojua kwamba jina langu mjini si lile nililobatizwa. Nilikuwa naitwa Diploma.

"Diploma amelipa maji?"

"Diploma ameoga leo, nimesikia kopo."

Maji ndiyo yalikuwa kipimo cha kila kitu. Kila nyumba iliyojiweza ilikuwa na kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua, chenye mfuniko wa bati na kufuli. Kufikia mwezi wa tisa ukitupa ndoo ndani ilisikika imegonga chini kabla haijaloa. Baada ya hapo ni madumu ya baiskeli kutoka bondeni, na mtu alinawa uso kwa maji ambayo Dar angeyamwaga bila kuyatazama.

Kazi yangu ilikuwa kurekodi sherehe. Kurekodi hakukunishinda. Kilichonishinda ni kutoa diski. Mkanda wa masaa matatu, ukishaupanga, ukaweka rangi na majina ya watoto, unaikabidhi kompyuta iusage wote kuanzia mwanzo hadi mwisho ndipo utoke kwenye diski. Mashine yangu ilihitaji karibu masaa saba kwa kazi hiyo. Na mwaka ule ulikuwa wa mgao: upande wetu umeme ulikuja saa sita mchana na kukatika saa kumi na moja jioni. Masaa matano. Ilipokatika, kazi yote iliyosagwa ilipotea, na kesho yake ulianza upya. Niliwahi kuukata mkanda vipande viwili. Penye kiungo ngoma ikaruka, na baba mmoja akanirudishia diski akisema nimemkata mwanawe miguu. Jenereta sikuwa nalo. Kwa miezi kadhaa nikawa narekodi sherehe fupi tu, za watu wenye haraka.

Mwezi wa tisa wavulana wa mtaa wetu walitoka jando, na Shaibu alikuwa mmoja wao. Mama yake ni Hadija, yule aliyempa mwenye nyumba wangu jina. Alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni huko Tunduru, na alikuwa ameomba ruhusa ya wiki mbili ili ampokee mwanawe. Kwetu mvulana akitoka likumbi, ile kambi ya jando, analetwa amefunikwa kanga, ngoma zikitangulia, na mama yake ndiye anayemfunua mbele ya watu. Hadija hakuwepo. Gari lao liliharibika Mangaka, wakalala barabarani, na alipofika Newala kesho yake asubuhi alikuta vumbi la ngoma limeshatulia na shangazi mtu ndiye aliyemfunua mtoto. Nilikuwa ndani nikipanga mikanda yangu nilipomsikia akiingia uani. Hakulia kwa sauti. Nilimsikia Shaibu tu, ana miaka kumi, anasema, "Mama, nilipofunuliwa nilikutafuta."

Baadaye Hadija alikuja akasimama mlangoni kwangu. "Kaka, nasikia ulipiga picha zote."

"Zote, dada. Tangu wanatoka porini."

"Basi nionyeshe. Nikae hata chini."

Sikuweza. Kamera ilikuwa imevunjika mlango wake wa mkanda siku ya ngoma, nikaubeba mkanda pamoja na kompyuta yangu hadi kwa rafiki wa Masasi akauingiza ukiwa mbichi, masaa matatu yaliyochanganyika, yanayokwama kila ukijaribu kuyatazama. Mpaka yasagwe. Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayeelezwa kwa nini duka limefungwa, akasema yeye anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo alfajiri, na hajui atapata tena ruhusa lini.

Sijui ni kitu gani kilinipanda. Nilitoka nje, kwenye kundi la wala chapati, nikasema kwa sauti, "Ijumaa ya wiki ijayo, kabla umeme haujakatika, dada Hadija atamuona mwanawe anafunuliwa. Nikishindwa nafunga duka narudi Dar."

"Ukirudi," Mama Anna akasema bila kuinua macho kwenye kikaango, "tuachie hiyo diploma tufungie chapati."

Njia nilikuwa nayo kichwani. Nitaieleza kama nilivyomweleza Shaibu siku ile, kwa sababu alielewa. Ndani ya kompyuta kuna mpiga ngoma na kuna mchezaji. Mpiga ngoma ni ubao mama; mchezaji ni prosesa. Kwa kila pigo moja la ngoma, mchezaji wangu alikanyaga hatua tisa. Hiyo tisa inaitwa kizidisho, na kwenye prosesa yangu kiwanda kilikuwa kimeifunga: hukuweza kuifanya kumi hata kwa nyundo. Ngoma ilipigwa mara mia mbili, mara hatua tisa, ndiyo kasi ya elfu moja na mia nane iliyoandikwa kwenye boksi. Watu wakishasikia kizidisho kimefungwa wanaacha hapo. Lakini ngoma yenyewe hakuna aliyeifunga. Ukipiga mapigo mia mbili na tisini, mchezaji akiendelea na hatua zake tisa zilezile, unapata elfu mbili mia sita na ushee, na masaa karibu saba yanakuwa manne na dakika arobaini. Shida ni mbili. Kwanza, wapo wengine wanaocheza ngoma ileile, hasa memori, nao hawana pumzi hiyo, lazima uwapangie hatua ndogo zaidi. Pili, mchezaji anayekimbia anatoka jasho. Prosesa ikizidi joto inajizima, au inakufa.

Nilishuka Masasi kwa Fundi Chilumba. Nilijua ana kipande cha shaba cha kupoozea, kikubwa kama tofali, alichokitoa kwenye mtambo fulani mbovu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Diploma mwenyewe! Umekuja kufundishwa?"

Nikamweleza. Ndipo akasema lile neno la kiwandani na Newala, na wateja wake wakacheka. Lakini mikono yake ilikuwa tayari inafukua chini ya meza. Alikipangusa kile kipande kwa shati lake. "Hiki nakukopesha. Kikiungua, usiniletee majivu. Niletee shaba yangu."

Shaba peke yake haikutosha. Chini ya bati lile, saa nane mchana, hewa yenyewe ilikuwa ya moto. Ungepooza kwa kitu gani? Hapo ndipo nilipokumbuka mtungi. Mtungi unapooza maji kwa sababu unatoka jasho na upepo unalikausha. Nikachukua gunia la juti nyuma ya nyumba, nikalining'iniza dirishani, nikalilowesha, na upepo wa kusini uliopanda kutoka bondeni ukapita humo. Kompyuta niliiweka upande wa pili wa chumba, mbali na matone, na feni ya meza katikati ikivuta. Niliporudi baada ya nusu saa chumba kilikuwa kama cha asubuhi.

Gunia lilikunywa karibu ndoo mbili kwa siku. Mwezi wa tisa. Newala.

Mama Hadija alisimama uani akalitazama lile gunia linavyodondosha. "Mwanangu, haya maji yananywewa na nani?"

"Na kazi ya dada, mama."

Alifungua fundo la kanga akatoa ufunguo. Kisha akafungua kufuli ya kisima. Kila ndoo ilipotoka alidondosha korosho moja ghafi ndani ya kopo tupu la maziwa lililokaa juu ya ukuta. Ilijulikana ni ya nini: korosho moja, ndoo moja ya deni. Mama Anna naye, yeye mwenye midomo ile, alileta ndoo yake ya kwanza siku ya tatu, akadondosha korosho yake iliyokunwa alama kwa kisu, akasema, "Nimechoka kusikia watu wanasema jirani yangu anakufa na kiu."

Nilipandisha ngoma kidogo kidogo. Mia mbili na ishirini, sawa. Mia mbili na arobaini, sawa. Mia mbili na sabini mashine ikagoma kuwaka. Nikaipangia memori hatua ndogo zaidi, ikawaka. Alhamisi ya wiki ya kwanza nilifika mia mbili na tisini, nikasaga mkanda wa majaribio, shaba ikawa ya vuguvugu tu chini ya kidole. Nilitoka nje nikanunua chapati tatu nikazila nimesimama, katikati ya njia, ili kila mtu anione.

Ningekuwa mnyenyekevu ningeanza kusaga kazi ya Hadija kesho yake. Sikuanza. Nilitumia siku nne kupamba: majina ya wavulana kwa herufi zinazozunguka, maua pembeni, rangi. Nilitaka iwe ya Dar. Jumanne nikabonyeza, na saa nane mchana skrini ikawa ya bluu. Nikaanza upya, ikaganda. Jumatano nikapunguza ngoma hadi mia mbili na hamsini; ikaganda. Nikairudisha mia mbili, kasi ya kiwandani kabisa, ikaganda hata hapo. Ina maana nimeiua, nilijiambia. Kupitia uwazi wa juu ya ukuta nilisikia Mama Anna akiuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikumzoea nayo, "Imekufa?" na Hadija akijibu, "Mwacheni. Amejitahidi." Maneno hayo mawili yaliniuma kuliko kejeli zote za Masasi.

Alhamisi asubuhi Mama Hadija aliingia chumbani kwangu bila kubisha, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Aliuweka mkono wake mezani mbele yangu. "Tazama."

Pete yake ya fedha, aliyovishwa na marehemu mumewe, ilikuwa nyeusi kama sufuria.

"Nimeisugua kwa mchanga, haitoki. Haijawahi kuwa hivi. Mimi siku hizi sina kazi mpya ninayofanya ila moja. Kukamua gunia lako."

Nilimtazama, nikatazama gunia. Lilikuwa na unjano kwenye mishono, na mimi niliuona unjano huo tangu siku ya kwanza. Nilijua ni salfa. Gunia lile lilitumika msimu wote kubebea salfa ya kupulizia mikorosho. Kwetu nani anaogopa salfa? Ni dawa. Tumekua ndani ya vumbi lake, tunaona mawingu yake ya njano yakipanda shambani kila mwaka, na korosho zinakuja. Niliwaza hata itafukuza mbu. Mimi, mwenye stashahada, niliyefundishwa kwamba salfa hula fedha na shaba, nilikuwa nimelowesha salfa na kuipulizia kompyuta kwa feni siku kumi mfululizo. Nikafungua mashine. Shaba ya Fundi Chilumba ilikuwa nyeusi kama ile pete. Nikachomoa memori: miguu yake, ile midogo ya kung'aa, ilikuwa na madoa kama meno ya mvuta tumbaku. Prosesa haikuwa na kosa. Ngoma haikuwa na kosa. Mchezaji alikuwa mzima. Waliokuwa wanampokea ndio waliozibwa masikio.

Nilimwomba Shaibu ufutio wake wa shule. Nikakaa sakafuni nikafuta mguu mmoja baada ya mwingine, na kila sehemu ya kuchomeka nikaisafisha kwa kitambaa na spiriti, mpaka jioni. Mama Hadija alikaa kwenye kizingiti akiisugua pete yake kwa majivu na ndimu, na rangi yake ilianza kurudi pale pale mbele yangu. Nikamwomba ndimu inayobaki kwa ajili ya shaba. Gunia lile tulilitupa, na Mama Anna akaleta jingine lililowahi kubeba mchele tu, akaapa kwa hilo.

Ijumaa, saa sita kamili, umeme ukaja. Niliweka mia mbili na tisini, maana nisingeweza kushuka; chini ya hapo muda usingetosha. Kila nusu saa Mama Hadija alimwaga kopo moja juu ya gunia. Nje majirani walikuwa wakisubiri, na chapati zilikuwa zinaungua bila mtu kulalamika. Saa kumi na dakika arobaini na mbili mashine ililia mlio mmoja mdogo. Nikaita, "Dada Hadija!" na wakaingia wote, wengine wakabaki dirishani nyuma ya gunia, wakilisogeza na kutuloanisha. Nikaanza kuchoma diski na huku nikafungua pale pale sehemu ya Shaibu. Ngoma zikaja. Wavulana wakaja wamefunikwa kanga. Na shangazi mtu akainua kanga, na uso wa Shaibu ukajaa skrini nzima, unatazama kushoto, kulia, unatafuta.

Hadija akagusa kioo kwa vidole viwili. "Niko hapa," akasema. "Niko hapa, baba."

Diski ilitoka ikiwa na moto wake saa kumi na moja kasoro dakika tatu. Ngoma kwenye skrini zikabadilika, wanawake wakaanza kuingia uwanjani, na umeme ukakatika. Alfajiri Hadija aliondoka na diski imefungwa ndani ya kanga mbili.

Watu walisikia. Kabla ya mwezi wa kumi kwisha nilikuwa nimeitwa Kitangari na Tandahimba, na mwezi wa kumi na moja nilishuka kwa Fundi Chilumba na shaba yake. Nilikuwa nimeisugua kwa ndimu na chumvi mpaka unaweza kunyoa ndevu mbele yake. Aliigeuza mara mbili. "Hii siyo yangu," akasema. "Yangu haikuwa nzuri hivi." Kisha akainamisha kichwa kwenye redio aliyokuwa akiifungua, na kwangu hiyo ilitosha kuwa hati ya pili baada ya stashahada.

Siku ileile nilikodi pikapu yenye tanki la maji, nikapanda nayo Newala nimekaa mbele, dirisha nimelishusha. Ilikuwa bado haijanyesha. Tukasimama mbele ya nyumba, nikachukua kopo la maziwa nikamwaga korosho mezani kwa Mama Anna, watu wakiona. Zilizokunwa alama kwa kisu nikazitenga, nikamjazia Mama Anna ndoo zake zote, na moja ya ziada kwa ajili ya midomo yake. Kisha tukaanza kumimina ndoo kwenye kisima cha Mama Hadija. Kila ndoo ilipoingia nilimrudishia korosho yake mkononi, mpaka mkono ukajaa na meza ikawa tupu. Sina deni la mtu Newala, nikasema, na nilisema kwa sauti.

Ilibaki ndoo moja kwenye tanki. Nikampa hiyo pia, ya ziada, ya shukrani.

Mama Hadija aliitazama, pete yake ikimeta kwenye kishikio. "Nilikukopesha maji, sikukuuzia," akasema. Akaibeba ndoo akapita nayo mbele yangu, akaingia chumbani, na nilipomfuata nilimkuta anaimwaga yote juu ya gunia, taratibu, kutoka juu hadi chini, maji ya mwezi wa kumi na moja. Ilikuwa saa sita na dakika chache. Nilitaka kumwambia kwamba siku hiyo hakukuwa na cha kusaga, na mashine isiyosaga haihitaji kupoozwa. Badala yake nikaisogeza feni.

Akavuta kigoda akaketi mbele ya skrini, akajitanda kanga vizuri.

"Siku ile umeme ulikatika mimi ndiyo naingia kucheza," akasema. "Washa."